Kaole nasoma vizuri, Ngome Kongwe nashindwa. Pale nisome nini?

Mwalimu wa Dunda

Assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu habari za leo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31, nimezaliwa na ninaishi hapa Bagamoyo. Nina swali moja, ila itabidi nianzie mbali kidogo, mnivumilie.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na kwa kuwa watoto wako Dar na Morogoro, siku nyingi tulikuwa mimi na mdogo wangu tu ndani. Nikaanza kupangua vitu vya marehemu. Chini ya sanduku la patasi nikakuta Al-Inkishafi, nakala nyembamba, pembe zimeliwa na mende, na pembeni mwa kurasa ameandika kwa penseli maana za maneno ya Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu. Penseli ile bapa ya seremala. Miaka 34 ya ndoa, mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili nyumbani, na hakuwahi kunitajia kwamba analisoma shairi lile.

Kwa wasiolijua: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha Pate, mji wa kale wa visiwa vya Lamu, ilivyokuwa, majumba ya mawe, taa za fuwele na za shaba, watu wanaolala huku wana wa kuwakanda na wa kuwapepea. Kisha anauonyesha Pate ilivyobaki. Popo wananing'inia. Vidaka vilivyopangwa sahani za kaure sasa ndimo yanamolala makinda ya ndege. Ubeti huo wa vidaka marehemu aliupigia mstari mara mbili, na pembeni hakuandika maana yoyote.

Eda ilipokwisha watoto walitaka nikapumzike Dar. Nikasema nipelekeni Kaole. Wakashangaa, mama, magofuni? Ni kilomita kama 5 tu. Dereva wa bodaboda alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la tatu, akakataa nauli, akanisubiri chini ya mbuyu.

Mnaofika pale mnayajua yale makaburi ya nguzo. Kwenye mawe yake kuna vishimo vya mviringo, na humo zamani yalichomekwa mabakuli ya kaure yaliyokuja kutoka Uchina. Mabakuli hayapo, vishimo vimebaki. Nilitia kidole gumba katika kimoja. Chokaa ya ndani bado laini, imekaa umbo la tako la bakuli, na duara lake unaliona kabisa. Sisimizi mmoja akatoka akapanda kidoleni. Basi mstari ule wa penseli nikauelewa. Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya maziko, na nikarudi nyumbani mwepesi.

Tangu hapo naenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Nina kitabu, daftari na chupa ya maji. Nakaa ukutani mwa msikiti wa zamani, ule wa karne ya 13, nasoma beti mbili au tatu, nasikiliza upepo kwenye mikoko, naandika kidogo, naondoka. Aya inayonitoa nyumbani ni ile ya Suratul Hajj, aya ya 46, kwamba je, hawatembei katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia, kwani yanayopofuka si macho, ni nyoyo zilizo vifuani.

Sasa shida yangu. Nikasema nisiwe mtu wa Kaole tu, Ngome Kongwe naweza kwenda kwa miguu. Ilianza mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, Sultani Barghash akaiongeza, Wajerumani wakaifanya ngome ya askari wao, Waingereza wakaifanya gereza, na polisi wetu wakakaa humo mpaka 1974. Nilikuwa na miaka 12 wakati huo. Tulikuwa tunavuka upande wa pili wa njia tusipite karibu na ukuta wake.

Nikaketi uani, nikafungua ubeti uleule. Mwongozaji alikuwa na kikundi cha wageni, anawaeleza kwamba vyumba vya chini waliwekwa mateka wa biashara ya utumwa kungoja majahazi ya Unguja. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, sauti ikakwama. Nikajiuliza huyu mshairi ninayempenda hivi anamlilia nani? Anawalilia wenye majumba. Wale wakandaji na wapepeaji wamo ndani ya shairi, lakini wamo kama taa zilivyomo, sehemu ya fahari iliyoondoka. Hakuuliza wao walitoka wapi, wala mama zao walikuwa nani. Nikafunga kitabu. Nimerudi mara tatu na mara zote nimekifunga.

Kwa hiyo nauliza wenye kusoma na wenye kuzuru. Pale pasomwe nini? Au ni mahali pa kutosoma kabisa? Na kubwa zaidi, linaloninyima usingizi: ni haki kwangu kwenda kutafuta utulivu wa moyo wangu mahali ambapo mtu mwingine alifungwa minyororo?

Ule ubishi wa jina la mji, kama ni mpagazi aliyefika akaubwaga moyo au ni mateka aliyekata tamaa, naomba tusiuanze hapa. Tumeubisha tangu tukiwa wadogo.

---

Ibn Shomvi

Wa alaykum salaam warahmatullah. Mwalimu shikamoo, na pole sana kwa msiba, Mola amrehemu mzee wetu.

Kwanza la Kaole. Mtume (SAW) aliwakataza watu kuzuru makaburi, kisha akawaruhusu kwa sababu yanakumbusha Akhera. Kwa hiyo safari yako ina asili. Nitasema mawili kama mwanao. Msikiti hata ukibaki kuta una heshima yake, ingia na udhu, sali rakaa mbili kabla hujafungua shairi. Na lile kaburi wanalofungia vitambaa na kuomba haja zao, pita, waombee waliolala, usiwaombe wao. Najua wewe huombi. Nasema kwa wanaosoma hapa.

La Ngome. Mwalimu, chukua Suratul Balad. Ni aya 20 tu na nyingi tumezihifadhi toka chuoni. Mwenyezi Mungu anauliza, ni nini kitakachokujulisha njia ya mlimani ni nini? Kisha anajibu mwenyewe, na jibu la kwanza ni kuikomboa shingo ya mtumwa. Halafu ndiyo kumlisha yatima siku ya njaa, na masikini aliyelala mavumbini. Shingo imetangulia.

Nimesoma chuo jirani na ngome ile miaka saba, na nimeisalisha sura hii mara nyingi, lakini siku moja nilipita pale baada ya Magharibi nikawaza kwamba waliomiliki wale mateka nao walikuwa watu wa sala. Waliisoma sura hii. Wengine waliisoma vizuri kuliko mimi. Toka siku hiyo nikifika aya ya 13 napunguza mwendo, siwezi kuipita kama zamani.

Mimi naona usome hiyo. Shairi liache Kaole, ndiko nyumbani kwake.

---

Katekista wa Pwani

Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwa ndugu zangu Waislamu. Mwalimu, uliwahi kumfundisha binti yangu, ndiyo maana najibu kwa moyo wote.

Mimi upande wa misheni ndiko ninakohudumu. Katika Kanisa letu yuko mtakatifu aliyeandika, mwaka 1577, kwamba roho ya mtu ni kama ngome yenye makao mengi na mlango wa kuingilia ni sala. Ni Teresa wa Avila, Mhispania. Nimetafakari mfano huo miaka mingi na umenilea. Lakini nikiwa Ngome Kongwe unanikatalia kama shairi linavyokukatalia wewe. Katika ngome ya Teresa, kadiri unavyozidi kuingia ndani ndivyo unavyoukaribia mwanga, maana Mfalme anakaa chumba cha katikati. Hii yetu ukizidi kuingia ndani unaliendea giza. Nimekubali kwamba mfano ule haukuandikwa kwa ajili ya mahali hapa.

Ninachoweza kukupa ni simulizi. Padri Antoine Horner, aliyeongoza mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, aliandika habari za msichana wa Kiyao aitwaye Swema. Alitwaliwa kwao akiwa mdogo. Mama yake hakutaka kuachana naye, akakubali kubeba pembe za ndovu katika msafara uleule ili tu awe nyuma ya mwanawe. Njiani nguvu zikamwishia, wakamwacha. Swema akafika Kilwa, akavushwa Unguja, naye akiwa hoi kiasi kwamba waliona hana tena faida, wakamfukia katika kaburi la kina kifupi akiwa hai. Kijana mmoja akasikia sauti, akamfukua, akapelekwa kwa masista. Akapona.

Mshairi hakuuliza mama zao ni nani. Huyu mama mmoja tunaye. Ukiwa pale, soma habari yake. Usiimalize kwa kikao kimoja, mimi nilijaribu nikashindwa kula jioni ile.

Niseme na letu, nisije nikaonekana naleta misheni kama jibu la kila kitu. Mapadre walikomboa watoto kwa fedha, ndiyo, na Kijiji cha Uhuru, cha hao waliokombolewa, kilikuwepo. Lakini watoto wale walilima mashamba ya misheni, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kurudi kwao. Hilo nalo nalibeba ninapopiga magoti.

Mazoezi yangu mwenyewe nayafanya kwenye mnara wa kanisa la zamani, pale ulipolazwa mwili wa Livingstone, Februari 1874. Wazungu wanaokuja wanamtafakari yeye. Mimi nawataja waliombeba kutoka Chitambo alikofia, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, miezi na miezi. Chuma. Susi. Wainwright. Halafu nanyamaza, maana wengine wengi majina yao siyajui, nikaona kunyamaza hukohuko ndiyo sehemu yao ya sala.

---

Dada wa Majengo

Shikamoo mwalimu. Mimi nitapingana kidogo na kaka zangu wawili hapo juu, kwa heshima.

Kazi ilinipeleka Ghana wiki mbili, na Jumapili moja tukapelekwa Cape Coast. Ngome ile waliianza Waswidi mwaka 1653, baadaye ikawa ya Waingereza miaka mingi sana. Tukashushwa shimo walimofungiwa watumwa wanaume. Sakafu imejaa tabaka gumu jeusi, unadhani ni udongo, mwongozaji anakuambia ni uchafu wa watu waliokaa humo, umeshindiliwa na nyayo zao wenyewe. Akazima taa. Hakusema kitu. Sijui ilikuwa dakika ngapi, nilimsikia mtu nyuma yangu anapumua tu.

Tulipotoka juu akatuonyesha kanisa lilipokuwa. Juu ya shimo lile lile. Watu waliimba zaburi, chini ya miguu yao kuna watu. Na uani amezikwa Philip Quaque, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre wa Kianglikana, aliyekuwa mchungaji wa ngome ile kuanzia 1766 mpaka alipofariki 1816. Mwafrika mwenzetu, miaka 50, anasali juu ya shimo. Nilikuwa na Biblia ndogo kwenye pochi, mkono haukwenda.

Kwa hiyo mimi naona, mwalimu, usisome pale. Soma nyumbani usiku uliotangulia, Suratul Balad, Swema, vyote. Kisha nenda mikono mitupu. Kitabu ukikishika mbele ya uso unapata mahali pa kuficha macho. Nililigundua hilo kwangu mwenyewe na nikaona haya.

Kuhusu haki ya kutafuta utulivu, sina jibu. Ila ule mlango waliotolewa kupelekwa kwenye meli ukiufungua leo unakutana na ufuko wa wavuvi, nyavu, watoto, mama anauza samaki. Upande wa nje wameandika Mlango wa Kurudi. Nilikaa pale kwenye mchanga nikanunua samaki wa kukaanga nikala. Haikuniletea utulivu, niliona njaa tu, nikala nao.

---

Babu Tongoni

Tanga hapa. Mwalimu, hujambo mwanangu. Sisi tuna Tongoni, kama kilomita 20 njia ya Pangani, msikiti na makaburi yapata 40, nguzo nyingi zimeanguka. Mimi sisomi. Naenda na wajukuu tunang'oa majani yanayopasua chokaa, kwa ruhusa ya mlinzi. Kazi ya mikono inafungua moyo wangu kuliko kitabu, kila mtu na njia yake.

Nina neno moja tu. Pangani, Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim. Baba yangu alitufundisha kusimama kimya tukifika Pangani, kwa kuwa aliwapigania watu wa pwani. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba alikuwa na shamba la miwa, na waliolilima walikuwa watumwa. Nilikaa miaka nisijue nifanye nini na ile dakika ya kimya. Siku hizi nasimama mara mbili. Wajukuu wakiniuliza kwa nini mara mbili ndipo nawaeleza, na maelezo yanachukua muda, tunachelewa basi.

---

Mwalimu wa Dunda

Marahaba wanangu, na babu shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka niende kwanza.

Nimekwenda Jumamosi iliyopita. Nilifuata ushauri wa Dada wa Majengo nusu yake: kitabu nilikiacha nyumbani, daftari pia. Suratul Balad nilikuwa nayo kichwani kwa hiyo siwezi kusema nilikwenda mtupu. Nikasimama kwenye mlango wa chumba cha chini. Karibu na sakafu chokaa imebanduka, jiwe la matumbawe liko wazi, lina vijitundu kama sega la nyuki. Ni jiwe lile lile la Kaole. Nilishangaa kwa nini sikuwahi kuliwaza hilo. Aliyemjengea marehemu wake kaburi la kaure na aliyejenga chumba hiki wote walichonga jiwe la bahari moja.

Nikaisoma kwa sauti ndogo. Ibn Shomvi, ulisema aya ya 13 unapunguza mwendo. Mimi nilisimama hapo hapo, nikarudia mara sijui ngapi, na safari hii sauti haikukwama. Sikupata ule wepesi wa Kaole. Nilitoka nimechoka, magoti yananiuma, na nilitaka kurudi. Ninyi mtanipa jina la hali hiyo, mimi sina.

Kwenye la makaburi sikubaliani nawe kwa yote. Wale wanawake wanaofunga vitambaa nawafahamu, wengine nimesoma nao. Najua mafundisho. Lakini nilipokuwa eda hao ndio waliokuja kunichotea maji, na sitapita pale bila kukaa nao kidogo mkekani. Tutaongea ukipita nyumbani.

Babu, hilo la kusimama mara mbili nimemsomea mdogo wangu akanyamaza muda mrefu.

Katekista, habari ya yule mama aliyebeba pembe ili awe nyuma ya mwanawe imekaa nami wiki nzima. Simulizi yenyewe pale makumbusho ya misheni inapatikana kwa Kiswahili? Na kama ipo kwa lugha nyingine tu, kuna mtu wa kukaa nami anitafsirie, mimi niandike? Muda ninao, na penseli ya marehemu bado ina kama vidole vitatu. Jumamosi hii naweza kuja saa tatu asubuhi. Niambie niingilie lango lipi.